Kituo cha Mfano cha Watoto Wasiokaa

Nchi ninayoisimulia iko mbali sana na hapo ulipo, msomaji, kwa hiyo usianze kugeuka kutazama nani yuko nyuma yako. Jina lake silitaji kwa sababu bado nina mwajiri. Itoshe kusema ni nchi yenye amani, mvua za wastani, na kiongozi mmoja, Mlezi Mkuu, ambaye amekalia kiti chake miaka thelathini na mmoja bila kuomba hata mto wa kuegemea.

Mambo yalianza pale ujumbe wa watu arobaini na watatu ulipokwenda ng'ambo kuhudhuria mkutano kuhusu afya ya watoto wadogo. Ujumbe ulikaa ukumbini, ukakaa hotelini, ukakaa kwenye mabasi ya kwenda kutazama maporomoko ya maji, na siku ya kumi na mbili, ukiwa umekaa kwenye ndege ya kurudi, Waziri wa Malezi, Mheshimiwa Kisarika, alifungua makabrasha akasoma ukurasa wa kwanza. Ukurasa ulisema watoto wanaolelewa vituoni hukalishwa saa nyingi mno kwa siku, na kwamba mtoto asiyekimbia hudumaa mifupa, moyo na akili. Mheshimiwa alishtuka sana. Waliokuwa karibu naye wanasema alimwaga juisi.

Wiki ile ile alituhutubia kwenye televisheni, kiti chake kikiwa kirefu kuliko yeye, akatangaza Kampeni ya Taifa ya Kuwainua Watoto. Kaulimbiu ya kwanza ilikuwa "Kukaa Sana ni Hatari." Mabango yalibandikwa asubuhi, yakabanduliwa jioni, baada ya mtu mmoja wa Ikulu kuyasoma mara mbili. Mchoraji aliitwa kwa mahojiano mafupi, ambayo mpaka ninapoandika bado yanaendelea. Kaulimbiu mpya ikawa "Watoto Wainuke kwa Kufuata Utaratibu," na hiyo haijamletea mtu matatizo.

Kampeni ilileta ajira, na moja ya ajira hizo niliipata mimi. Cheo changu ni Karani wa Dakika. Nilipewa saa ya kupimia mbio, fomu mia tano na koti la mvua, nikaambiwa nizunguke vituo vya kulelea watoto wilayani kwetu, niandike mtoto wa kawaida anakaa kitako dakika ngapi kwa siku.

*

Nilizunguka vituo kumi na tisa, na yote niliyoyaona yalifanana. Chumba kimoja, mkeka mmoja, watoto arobaini wamenyoosha miguu mbele, kila mmoja kidole mdomoni, na mlezi mlangoni na ufito wake. Ukiingia, wanaitikia kwa pamoja "Shikamoo mgeeeni," kisha kidole kinarudi mdomoni. Wazazi wanavipenda vituo hivyo. Kwetu mtoto akisifiwa, husifiwa kwa kuambiwa ametulia. Niliandika dakika mia nne, mia nne na ishirini, mia tatu na tisini, na mkono ukazoea.

Kituo cha ishirini kilikuwa nyuma ya kiwanda cha magunia, nyumbani kwa mjane mmoja aitwaye Bi Nyamizi. Aliwahi kufanya kazi kiwandani humo mpaka kifua kikamshinda, na sasa alilea watoto thelathini na wanne wa wanawake waliobaki kwenye mashine. Chumba chake kilikuwa kidogo lakini uwanja ulikuwa mkubwa, wa mchanga, una matairi chakavu sita, kamba iliyofungwa kwenye mwarobaini, na kelele ambazo nilizisikia tangu barabarani.

"Shikamoo mama," nikasema. "Nimetoka ofisi ya Wilaya. Nimekuja kupima kukaa."

"Marahaba mwanangu. Kukaa? Basi utawasubiri mpaka saa ya uji."

Sikupata nafasi ya kumjibu kwa sababu fomu ilinyakuliwa mkononi mwangu. Mnyakuzi alikuwa msichana wa miaka mitatu na nusu, mwenye mguu wa kushoto uliopinda kidogo kwa ndani. Alikwenda nayo akizunguka uwanja, anacheka, mimi nyuma yake na koti langu la mvua. Nilimkimbiza mizunguko mitatu. Sikumpata. Alinirudishia mwenyewe alipoichoka, ikiwa na alama ya meno.

Huyo alikuwa Mwajabu. Mama yake aliniambia habari zake jioni, alipokuja kumchukua, bado nyuzi za katani zimemganda kwenye nywele. Mwanzoni mtoto aliachwa kwa jirani, na jirani, mwenye wajukuu wake wanne, alimtia kwenye beseni na mito miwili, akamwacha humo kutwa ili asimsumbue. Alipofika miaka miwili na nusu Mwajabu alikuwa hajui kusimama. Hospitali walisema miguu haina ugonjwa, haijatumiwa tu. Ndipo Bi Nyamizi alipomchukua, akamshikisha tairi, akawa anamsukuma nalo taratibu mchangani, kila siku, miezi minane.

"Siku aliyoliachia tairi," mama yake akasema, "waliniita kiwandani. Nilitoka mbio bila ruhusa. Nilikatwa mshahara wa siku tatu, na sijutii hata moja."

Niliandika fomu yangu vizuri. Kukaa: dakika arobaini na moja, pamoja na uji na kuvaa viatu. Nasema wazi kwamba niliifurahia namba ile kuliko namba yoyote niliyowahi kuiandika, na ndiyo iliyowamaliza.

*

Bwana wangu mkubwa, Afisa Mwendo wa Wilaya, Bwana Mkeyenge, aliisoma fomu ile akasimama. Hakuwa na desturi ya kusimama.

"Arobaini na moja! Kituo hiki kimeshafaulu. Kampeni itazinduliwa hapa."

"Mzee, si tungeanzia kwenye vituo vyenye tatizo?"

Alinitazama kwa huruma. "Wewe bado mgeni serikalini. Unaanzaje kampeni mahali penye tatizo? Ukishindwa?"

Basi kwa Bi Nyamizi pakatangazwa kuwa Kituo cha Mfano cha Watoto Wasiokaa. Kesho yake mafundi walisimika katikati ya uwanja bango la zege lenye picha ya Mlezi Mkuu, likazungushiwa minyororo ili watoto wasiliguse. Siku iliyofuatia alikuja mkaguzi wa vifaa, akayapakia matairi sita na ile kamba kwenye gari, kwa kuwa havikuwa na cheti cha ubora. Badala yake likaletwa kasha kubwa la mbao, lenye bembea na mtelezo wa kisasa, limefungwa utepe wa hariri mwekundu. Utepe ungekatwa na Mheshimiwa Waziri mwenyewe. Mpaka hapo, mgambo mmoja aliwekwa kulilinda, na kwa usalama wake alichora mstari wa chokaa hatua kumi kila upande.

Ukiondoa bango na kasha na mstari wa chokaa, palibaki uwanja wa kutosha mbuzi wawili.

"Mwanangu," Bi Nyamizi akaniuliza, "haya matairi yangu yatarudi lini?"

"Mama, utaletewa bembea."

"Bembea si ile pale? Naiona. Sasa wewe niambie, mtoto anachezea vipi kitu kilichomo ndani ya sanduku?"

Nilimwambia aiamini serikali. Mtu akivaa koti la serikali maneno hayo humtoka yenyewe.

*

Kisha wakaanza wageni, maana kituo cha mfano lazima kitazamwe. Hapa yapasa nieleze desturi moja. Kwetu mgeni rasmi hapokewi na watoto wanaorandaranda kama kuku. Hawezi kushuka garini akakuta mtoto mmoja juu ya mti na mwingine anafukuza mwenzake. Hili halijaandikwa kwenye sheria yoyote, na kwa sababu hiyo halijawahi kuvunjwa. Mgeni anapokuja, watoto hukalishwa mistari minne, wadogo mbele, wanasubiri.

Mgeni wa kwanza alikuwa Mkuu wa Wilaya, aliyetarajiwa saa nne asubuhi. Tuliwakalisha saa mbili ili tusiaibike. Alifika saa nane mchana, akaomba radhi kwa kuchelewa kwenye kikao cha kujadili kampeni, akazungumza saa nzima juu ya ubaya wa kuwakalisha watoto. Alisema, na nayanukuu maneno yake, kwamba kila dakika anayokaa mtoto ni msumari kwenye jeneza la taifa. Watoto wa mstari wa mbele walikuwa wamelala. Baadaye wakaamshwa, wakaambiwa wakimbie, wakakimbia dakika tatu kwa ajili ya picha, na picha ilitoka nzuri.

Baada yake alikuja Mkuu wa Mkoa. Wakaja waandishi wa habari, wakaja wadau, wakaja wake wa wadau. Siku moja ulikuja ujumbe wa Wizara ya Maji uliopotea njia, lakini kwa vile magari yalikuwa na bendera, tuliupokea vilevile. Hakuna aliyekuja saa aliyosema. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwa na kituo cha mfano.

"Mgeni siku mbili," Bi Nyamizi alininong'oneza siku ya wadau, "ya tatu mpe jembe. Hawa nitawapa nini?"

Ilikuwa siku ya Katibu Mkuu wa Wizara ndipo Mwajabu alipofanya kosa. Katibu Mkuu alikuwa katikati ya hotuba, amefika kwenye takwimu. Mwajabu alikuwa mstari wa kwanza tangu asubuhi. Ghafla akainuka, kidole kikatoka mdomoni, akapita mbio mbele ya meza kuu, mguu wake wa kushoto ukitupa mchanga, akazunguka bango la zege, akavuka chokaa ya mgambo, akawa anarudi kwa mzunguko wa pili huku anacheka kicheko kile kile cha siku ya fomu.

Nasema ukweli mtupu: mtoto alikuwa anafanya kile ambacho Katibu Mkuu alikuwa anakiomba kwa sauti kubwa kwenye kipaza sauti. Lakini meza kuu yote iliduwaa. Bwana Mkeyenge alinitazama kwa jicho ambalo mtumishi mwenye watoto wa kulisha hulielewa haraka. Nikatoka, nikamkinga njiani, na safari hii nilimpata. Alidhani tunacheza. Nilimbeba nikamrudisha kwenye mstari, nikamkalisha, nikamnyoosha miguu kwa mikono yangu mwenyewe, nikakichukua kidole chake nikakiweka mdomoni. Aliniangalia akisubiri nicheke.

Sikucheka. Nilirudi mahali pangu, na mpaka leo naionea haya mikono hii.

*

Barua ilifika baada ya siku nne. Ilisema kituo kimeonyesha utovu wa nidhamu mbele ya kiongozi. Kwamba ziara ya Mheshimiwa Waziri iko karibu. Na kwamba iwapo mtoto yeyote atainuka bila idhini wakati wa uzinduzi wa Kampeni ya Kuwainua Watoto, kituo kitafungwa siku hiyo hiyo. Niliipeleka mimi. Bi Nyamizi alinipa nimsomee kwa sababu miwani yake ilikuwa imekaliwa na mjumbe wa Wizara ya Maji.

"Wakifunga, hawa watoto wataenda wapi?"

"Vituo vingine vipo, mama."

"Vile vya mkeka na ufito? Na ambao hawatapata nafasi huko? Mama zao watawafungia ndani na kwenda kazini. Wengine watarudishwa kwa majirani." Hakumtaja Mwajabu, lakini macho yake yalikuwa kwake. "Kwa hiyo nikitaka wawe na pa kukimbilia, lazima niwafundishe kukaa."

"Ni kwa muda tu mama. Mpaka Waziri aje."

"Haya," akasema. Akaikunja barua mara nne, akaitia kwenye pindo la khanga.

Ziara ilipangwa Jumatatu. Ikaahirishwa hadi Alhamisi, ikasogezwa wiki iliyofuata, ikarudishwa nyuma, ikapelekwa mbele ya ilipokuwa. Iliahirishwa mara kumi na moja, na kila mara taarifa ya kuahirisha ililetwa alasiri, baada ya watoto kukaa kutwa. Siku zisizo na ziara palikuwa na mazoezi ya ziara. Bi Nyamizi aliyeshinda akiwakimbiza na kuwaimbia, sasa alisimama mlangoni. Hakushika ufito. Alitumia macho, na macho ya mtu unayempenda huuma zaidi. Wiki ya kwanza watoto walilia. Wiki ya tatu waligombana kwa kunong'ona. Wiki ya sita palikuwa kimya kabisa, hata wanawake wa kiwandani wakawa wanasema wanaisikia mashine yao vizuri zaidi.

Mwajabu ndiye aliyeelewa kuliko wote. Nadhani kwa sababu alikuwa amewahi kujua kukaa kabla ya kujua kingine.

Nami niliendelea kupima. Saa yangu ilinionyesha dakika mia nne na hamsini, zaidi ya vituo vyote kumi na tisa. Nilipeleka fomu kwa Bwana Mkeyenge nikidhani sasa ataona. Aliisoma akacheka.

"Kijana, hapa umechanganya mambo. Dakika za kumsubiri kiongozi si kukaa. Huko ni kusubiri. Kutii. Toa hizo, zinabaki ngapi?"

Nilitoa. Zilibaki dakika tisa za uji, kwa kuwa muda wa uji ulikuwa umefupishwa kupisha mazoezi.

"Tisa! Kutoka arobaini na moja! Unaona sasa?"

Namba hiyo ilikwenda mkoani, ikaenda wizarani, ikasomwa ng'ambo kwenye mkutano uliofuata, ambako ujumbe wetu, wa watu themanini sasa, ulipigiwa makofi. Wapigaji walikuwa wamekaa.

*

Waziri alikuja siku ya kumi na mbili ya ahadi yake, saa kumi kasoro. Watoto walikuwa mistarini tangu saa moja na nusu. Jua lilikuwa limewahamia usoni, na hakuna aliyelikinga kwa mkono. Kwa kuwa ilikuwa siku kubwa, kiwanda kilikuwa kimewaruhusu akina mama waje kushuhudia, nao walisimama nyuma ya ua.

Mheshimiwa Kisarika alishuka, akaitazama ile mistari minne na vidole thelathini na vinne midomoni, akaguswa.

"Ndugu wananchi," akasema, "nimetembea nchi hii yote. Sijaona watoto waliolelewa kama hawa. Samaki mkunje angali mbichi! Kutoka dakika arobaini na moja mpaka tisa, kwa muda wa miezi mitatu tu, chini ya uongozi wa Mlezi Mkuu asiyechoka. Yako mataifa makubwa ambayo watoto wao bado wanakaa!"

Akakata utepe. Kasha likafunguliwa kifuniko, na kweli mlikuwa na bembea na mtelezo wa rangi ya njano. Watu wakapiga makofi. Kisha kifuniko kikarudishwa, kikapigiliwa misumari, kikafungwa utepe mpya, na vijana sita wakalipakia kasha kwenye lori, kwa kuwa lilitakiwa kuzinduliwa Jumamosi katika wilaya nyingine. Bi Nyamizi alilitazama likipanda.

"Sasa," Mheshimiwa akasema kwa wapiga picha, "tupate picha ya watoto wakikimbia. Watoto! Inukeni! Kimbieni!"

Hakuna aliyeinuka.

"Kimbieni, kimbieni!" akarudia, akapiga makofi kidogo.

Jozi thelathini na nne za macho zilimtazama Bi Nyamizi. Naye, maskini, alikuja mbele, akaanza kuwapigia viganja kama zamani. "Haya wanangu, inukeni. Ni kweli leo. Inukeni mkimbie." Walikuwa wameisikia sauti ile ile mara nyingi wakati wa mazoezi, ikiwajaribu, na aliyeinuka alijibiwa kwa macho. Walidhani wanajaribiwa. Wakabaki pale pale.

Nilidhani Waziri atakasirika. Badala yake alitoa kitambaa akajifuta jicho. "Nidhamu," akasema. "Jamani, nidhamu!" Picha ikapigwa hivyo hivyo, watoto wamekaa na yeye amesimama katikati yao, na ndiyo iliyoko kwenye kalenda ya mwaka huu ya Wizara.

Magari yakaondoka, vumbi likatulia. Bango lilibaki, kibali cha kituo kilibaki, na uwanja, baada ya lori kuondoka, ulikuwa wazi tena karibu wote. Akina mama wakaingia. Kila mmoja alimnyanyua wake kwa kwapa, kwa sababu wengi walikuwa wamekufa ganzi.

Mama Mwajabu hakutaka kumnyanyua wake. Alichuchumaa upande wa pili wa uwanja, akafungua mikono. "Mwajabu! Njoo mama. Njoo mbio."

Mtoto alimtazama. Niliiona miguu yake imenyooka, imefunikwa mchanga mwembamba, haina hata alama ya kukwaruzwa. Alitoa kidole mdomoni taratibu, akauliza kwa sauti ndogo sana:

"Mgeni ameshaondoka?"

"Ameshaondoka, mwanangu. Njoo."

Mwajabu akageuka. Akatafuta uwanjani kote mpaka akaniona mimi, nimesimama pale na koti langu. Akarudisha kidole mdomoni.

Nilikuwa na fomu ya mwisho ya kujaza. Kipengele cha kumi na saba kinauliza kama mtoto anakalishwa kwa kulazimishwa na mtu yeyote. Nilizunguka nikatazama. Bi Nyamizi alikuwa amegeukia ukuta, amejifunika uso kwa khanga. Mama mtu alikuwa bado amefungua mikono. Mimi nilikuwa mbali, hatua kama ishirini. Hakuna aliyekuwa amemshika.

Nikaandika: Hapana.